Shangazi, tufunge ndoa kwanza au nitafute uraia kwanza?

Shikamoo shangazi,

Nimesoma majibu unayowapa wengine kwa muda mrefu, na leo nimeamua kukuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwuliza. Mimi ni Mkenya, mwanamke, na ninafanya kazi ya uuguzi hapa Ujerumani. Nilikuja kwa kibali cha kazi na sasa nimetimiza miaka minne.

Nina mchumba, na ni mwanamke mwenzangu. Alizaliwa Poland, akaja huku kusoma, akabaki kufanya kazi, na baadaye akapata uraia wa Kijerumani bila kuuacha wa kwao. Tunaishi pamoja na tunaelewana vizuri. Hilo silo linalonikosesha usingizi.

Baba yake huko Poland amezeeka na afya yake si nzuri. Mchumba wangu anataka tufunge ndoa upesi, halafu mapema mwaka ujao tuhamie huko ili awe karibu naye. Anasema tukishaoana nitapata uraia wake, na kwa kuwa yeye anazo pasi mbili, mimi nitakuwa nazo tatu. Anasema pia kwamba nikishika pasi ya Kijerumani hakuna mtu nyumbani atakayethubutu kunigusa. Anayasema haya kwa moyo safi, lakini mimi sina uhakika nayo.

Tulipokwenda kwa msajili wa ndoa tulipewa orodha ndefu ya karatasi. Mojawapo ni cheti kutoka kwa serikali yangu kinachothibitisha kwamba hakuna pingamizi la mimi kufunga ndoa. Niliporudi nyumbani nilikuwa natetemeka. Nikiomba cheti hicho nitaulizwa naolewa na nani, na nitatakiwa kutoa nakala ya pasi yake. Mama yangu hajui. Dada zangu hawajui. Naogopa karatasi hiyo ikipita mikononi mwa watu, habari zitamfikia mama kabla sijamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Halafu kuna ploti niliyonunua nyumbani kwa jasho langu. Je, nikichukua uraia wa pili nitaipoteza? Na nikifa leo, mwenzangu atapata chochote? Mama anaugua presha na ni lazima niweze kwenda kumwona kila inapobidi.

Nikimwambia mchumba wangu tusubiri, anadhani simpendi vya kutosha. Nifanyeje, shangazi?

Muuguzi Mwenye Pasi Moja

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumpata mtu wa kuishi naye. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya yote nakuomba hivi: usihame Ujerumani mwaka ujao. Mengine yote yanaweza kupangwa upya. Hilo ukilifanya kabla ya wakati, utapoteza kitu ambacho umeshakilipia kwa miaka minne ya zamu za usiku.

Mchumba wako amechanganya mambo mawili, ndoa na uraia. Kufunga ndoa na Mjerumani hakukupi uraia siku ile ile. Sheria ya huko inamtaka mume au mke wa raia awe ameishi nchini kwa miaka 3 na ndoa yenyewe iwe imedumu miaka 2. Mkifunga ndoa mwezi ujao, utahesabu miaka 2 kuanzia hapo. Lakini tangu tarehe 27 Juni 2024 mgeni yeyote aliyeishi kihalali kwa miaka 5, anayejitegemea kwa kipato chake na anayejua Kijerumani cha kiwango cha B1, anaweza kuomba uraia kwa jina lake mwenyewe. Wewe unayo minne. Umebakiza mmoja tu.

Unaona ilivyo? Njia ya ndoa ni ndefu kuliko njia yako mwenyewe. Huhitaji uraia wa kuazima kwa mtu, hata kwa mtu unayempenda. Kuna mtihani wa uraia wa maswali 33, ukipata 17 umefaulu, na maswali yote yametangazwa, hivyo unaweza kujisomea mapema. Ada ni euro 255. Kama bado huna cheti cha lugha cha B1, jiandikishe sasa hivi, usingoje mwaka utimie, maana maombi mengi hukwama hapo.

Ndiyo maana nakuzuia kuhama. Uraia huu hupewa mtu anayeishi Ujerumani, na kukaa nje zaidi ya miezi 6 kwa kawaida hukatiza hesabu ya miaka. Ukienda Poland mapema mwaka ujao, ile miaka minne yako inaanza kumwagika. Baada ya kuwasilisha maombi pia ofisi nyingi huchukua muda mrefu kuyashughulikia, na muda wote huo unatakiwa uwe bado mkazi wa huko. Sheria inakuruhusu kwenda mahakama ya utawala kama miezi 3 imepita bila uamuzi na bila sababu ya maana. Wakili atakuambia lini inafaa kufanya hivyo.

Hapo katikati, mchumba wako anaweza kwenda kumwuguza baba yake. Poland inapakana na Ujerumani, na yeye anapita kama raia wa nchi zote mbili. Aende miezi miwili, arudi, aende tena, nawe umfuate siku za likizo. Najua kutengana kunauma, hasa mzee akiwa mgonjwa. Lakini njia yako ya uraia haidai mlale nyumba moja kila usiku, tofauti na njia ya ndoa ambayo ofisi hutaka kuona mnaishi pamoja.

Sasa sikiliza faida yake. Ukishakuwa Mjerumani, utakuwa raia wa Umoja wa Ulaya kwa haki yako mwenyewe. Utaingia Poland, ufanye kazi, uishi huko, wala hutahitaji nchi hiyo ikubali ndoa yenu ndipo ikupe kibali. Ukienda leo na pasi ya Kenya peke yake, kila kitu chako kitaning'inia kwenye cheti cha ndoa ambacho ofisa wa kule anaweza kukibishania.

Nasema anaweza kukibishania kwa sababu katiba ya Poland, kifungu cha 18, inaitaja ndoa kuwa ni ya mwanamume na mwanamke. Ni kweli upepo umebadilika. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua kesi ya Adrian Coman, raia wa Romania aliyefunga ndoa mjini Brussels na Mmarekani Clai Hamilton. Romania ilikataa kumtambua Hamilton kama mwenzi. Mahakama ikasema nchi mwanachama haiwezi kumnyima mwenzi huyo haki ya kuishi pamoja na raia wake kwa sababu tu wao ni wa jinsia moja. Kisha tarehe 25 Novemba 2025 ikaja kesi inayofanana sana na yenu: wanaume wawili raia wa Poland, mmoja wao akiwa pia na uraia wa Kijerumani, walifunga ndoa Berlin mwaka 2018 na Poland ikakataa kuiandikisha. Mahakama ikaamua kwamba ndoa iliyofungwa kihalali katika nchi nyingine ya Umoja na watu waliotumia haki yao ya kuishi huko ni lazima itambuliwe.

Nilifurahi niliposoma hukumu hiyo, na nawaombea mema wote watakaonufaika nayo. Lakini mahakama haikuitaka Poland ifungishe ndoa za namna hiyo nchini mwake, na kati ya hukumu ya Luxembourg na dirisha la ofisi ya mji mdogo pana masafa. Wewe usiwe mtu wa kwanza wa kuijaribu hukumu hiyo kwenye dirisha hilo, na kibali chako cha kuishi kikiwa ndicho kilichowekwa rehani. Kuhusu uraia wa Kipoland kupitia ndoa, uweke pembeni kabisa. Pasi tatu huzihitaji.

Tuje kwenye cheti kinachokutetemesha. Hapa nina habari njema, na naomba uisome polepole. Sheria ya kiraia ya Ujerumani, kifungu cha 1309, humtaka mgeni alete cheti kutoka kwao cha kutokuwa na pingamizi la ndoa. Lakini kifungu hicho hicho, katika aya ya 3, kinawaondolea sharti hilo watu wanaofunga ndoa ya jinsia moja ikiwa nchi yao haina ndoa ya aina hiyo. Kenya haina. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inataja ndoa na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema vivyo hivyo. Kwa hiyo kukosekana kwa haki nyumbani ndiko kunakokuondolea mzigo huo huko. Inaelekea orodha mliyopewa ni ile wanayopewa wageni wote, na aliyewapa hakutazama mnaofunga ndoa ni nani na nani.

Rudini kwa msajili mkiwa na namba ya kifungu na aya imeandikwa kwenye karatasi. Ombeni jibu kwa maandishi. Huenda bado akataka cheti chako cha kuzaliwa na uthibitisho kwamba hujaolewa, na huo wa pili ni jambo tofauti: unahusu hali yako tu. Mwulize kama kiapo mbele ya wakili kinatosha na, popote utakapoomba uthibitisho huo, hakikisha kwanza kwamba hawadai jina la mwenzi. Karatasi yoyote ikidai jina lake, isimamishe, rudi kwa msajili au kwa wakili, usijaze kwa woga wa kuchelewa. Wala usihofu kwamba majina yenu yatabandikwa ubaoni kwa umma, utaratibu huo Ujerumani iliufuta mwaka 1998.

Jina nalo usilibadilishe. Sheria ya huko inawaruhusu kila mmoja abaki na jina lake. Ukichukua jina la ukoo wa mwenzako, siku moja utatakiwa kubadilisha pasi ya Kenya, na hapo utaombwa cheti cha ndoa.

Je, mfunge ndoa sasa au baadaye? Kwangu mimi, fungeni mkiwa tayari, hata mwezi ujao kama karatasi zimekamilika. Ndoa haitaharibu maombi yako ya uraia. Jambo moja tu: usikubali kuacha kibali chako cha kazi uchukue cha mwenzi kwa kuambiwa ni rahisi zaidi. Kibali cha mwenzi hukutegemeza kwa mtu mwingine, na ndoa ikivunjika kabla ya miaka 3 ya kuishi pamoja unaweza kujikuta taabani. Simwombei mtu ndoa ivunjike, lakini nimeona barua nyingi za waliokubali haraka. Muulize pia wakili kuhusu ukaazi wa kudumu, kwani muuguzi ambaye taaluma yake imetambuliwa anaweza kuuomba baada ya miaka 3 ya kazi. Nao huisha ukikaa nje zaidi ya miezi 6, usije ukadhani umeshika cha milele.

Nyumbani sasa. Wewe ni Mkenya wa kuzaliwa. Kifungu cha 16 cha katiba kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine, na Ujerumani nayo haikutaki tena uukane wa kwanza. Uraia pacha kwako ni halali pande zote mbili. Unachotakiwa ni kuitangazia serikali ya Kenya uraia huo mpya ndani ya miezi 3 tangu uupate. Kunyamaza ni kosa kisheria, hivyo usilifanye. Uraia ulioupata kwa miaka yako ya kazi unajieleza wenyewe, hauhitaji kumtaja mke, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda njia hii.

(Wasomaji wangu wa Tanzania na wa Congo, msichukue jibu hili kama lenu. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na katiba ya Congo inasema uraia wao hauwezi kuchanganywa na mwingine. Kwenu ninyi swali la kuuacha uraia wa nyumbani ni zito na linataka jibu lake.)

Ploti yako haiendi popote, kwa kuwa utabaki Mkenya. Ila mwenzako si Mkenya. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Na kwa kuwa Kenya haitamtambua kama mke wako, usipoacha wosia hatahesabiwa katika mirathi hata kidogo. Andika wosia wa Kenya ukiwa hai na mwenye akili timamu. Sheria ya urithi inakuruhusu kumwachia mali yako mtu umtakaye, ingawa mama, akiwa alikuwa akikutegemea, anaweza kuiomba mahakama impatie sehemu. Mwandike kwa jina lake kamili, bila kueleza uhusiano. Mali ya Ujerumani ishughulikiwe kwa wosia wa huko, na wakili ahakikishe wosia mmoja haufuti mwingine. Andikianeni pia hati za kuruhusu kila mmoja kumwamulia mwenzake hospitalini. Wewe muuguzi unajua kuliko mimi kinachotokea pale mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi, ndugu wanapofika na hakuna karatasi.

Nimeacha mwisho lile linalonitia hofu zaidi, kwamba ukiwa na pasi ya Kijerumani hakuna atakayekugusa. Mwanangu, mwambie mchumba wako hapana. Mkataba wa The Hague wa 1930, kifungu cha 4, unasema nchi haiwezi kumlinda raia wake kidiplomasia dhidi ya nchi nyingine ambayo mtu huyo pia ni raia wake. Ukitua Nairobi, mbele ya serikali ya Kenya wewe ni Mkenya, hata ukiwa na pasi mbili mkobani. Kifungu cha 162 cha kanuni ya adhabu ya Kenya, kinachotaja kifungo cha miaka 14 kwa ngono inayoitwa kinyume cha maumbile, bado kipo. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Ubalozi wa Ujerumani unaweza kuuliza habari zako, lakini Kenya haina wajibu wa kuusikiliza kama ambavyo ingekuwa nao endapo ungekuwa mgeni.

Sikuambii usiende kwa mama. Nenda, na nenda mara nyingi. Kuwa mke wa mtu Ujerumani hakukuwekei doa lolote kwenye pasi yako ya Kenya. Nenda ukiwa na simu isiyo na picha zenu za harusi, cheti cha ndoa kikibaki Ujerumani, na ukubaliane na mwenzako mapema kuhusu nani wa kumpigia jambo likitokea. Na yeye akitaka kukusindikiza safari ya kwanza, mjadili hilo kwa uzito wote, maana hatari yake huko haifanani na yako.

Kuhusu mama, huhitaji kumwambia kwa sababu msajili anataka karatasi. Umeona sasa kwamba hataki. Utamwambia siku utakayokuwa tayari, au usimwambie, na uamuzi huo hauwezi kuharakishwa na ofisi yoyote wala na mchumba.

Mchumba wako anadhani kusubiri ni kutompenda. Mkalie chini na kalenda. Mwonyeshe mwezi ambao miaka yako mitano itatimia, mwezi wa mtihani, na wiki ambazo utaweza kwenda naye kwa baba yake. Mwambie unataka kuingia Poland ukiwa na haki ambayo hakuna ofisa wa kukunyang'anya, ili siku mzee atakapowahitaji nyote wawili, wewe usiwe umekwama mpakani. Kisha mtafute wakili wa sheria za uhamiaji na familia, mmoja anayefanya kazi hizo zote mbili, na mwende pamoja. Mkiwa mnatarajia kupata mtoto, mwulizeni siku hiyo hiyo: Ujerumani mke wa mama aliyezaa hawi mzazi kisheria mpaka amlee mtoto kwa njia ya kuasili, na ni nani kati yenu atakayezaa kunaamua mengi kuhusu pasi za mtoto huyo.